Fidia ya Ghasia za Kisiasa: Nani Atangulie Kulipa, Nani Aishie Kubeba Hasara

Kila baada ya ghasia za kisiasa nchini Kenya huzuka ubishi ule ule kuhusu nani awalipe waliojeruhiwa, waliofiwa na waliochomewa maduka. Upinzani husema serikali ilipe kwa sababu polisi wake ndio waliofyatua risasi. Serikali hujibu kwamba walipe waandamanaji na waliowaita barabarani, kwa sababu wao ndio waliovunja vioo. Kampuni za bima hufungua mkataba na kuonyesha kifungu kinachoziondolea mzigo, na wahisani hugawa blanketi na unga kwa wiki kadhaa kisha huondoka. Nimefikia kuamini kwamba ubishi huu hauishi kwa sababu tunauliza maswali mawili kana kwamba ni moja. La kwanza ni nani amkabidhi mwathiriwa fedha zake, na kwa muda gani. La pili ni nani mwishowe aibebe hasara hiyo. Jibu langu kwa swali la kwanza ni serikali, bila kuzungushana, hata pale ambapo aliyewasha kiberiti si mtumishi wake. Jibu langu kwa la pili ni mhusika mwenyewe, awe afisa wa polisi, mwanasiasa, chama au tajiri aliyetoa pesa za kukodi vijana. Na anayepaswa kumfuata mhusika huyo ni serikali iliyokwisha kulipa, si mjane wala mchuuzi.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 27, 2007 ndizo zilizoweka mazoea tuliyonayo hadi leo, na ndiyo sababu naanzia hapo. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo na kukabidhi ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Ilihesabu pia mali za watu binafsi 117,216 zilizoharibiwa, ilhali mali za serikali zilikuwa 491. Nimezitazama hesabu hizi mbili za mwisho mara nyingi. Waliokuwa wakigombana walikuwa wakigombania Ikulu, lakini kilichoteketea kilikuwa nyumba za udongo, ghala za mahindi, vibanda vya sokoni na matatu za watu waliokuwa wamezikopea. Takwimu za serikali zilitaja watu 663,921 waliofurushwa makwao. Takriban 350,000 walikwenda kambini, na wengine 313,921 walihifadhiwa na jamaa au walipanga vyumba mijini.

Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani, ikaahidi kila familia shilingi 10,000 za kuanzia maisha na shilingi 25,000 za kujenga upya nyumba iliyochomwa. Fedha hizo hazikupimwa kwa hasara ya mtu. Aliyepoteza kibanda cha mabati na aliyepoteza nyumba ya mawe yenye vyumba sita walipangwa foleni moja, na aliyepoteza mume hakuwa na foleni yake. Mwaka 2013 familia zilizokuwa bado kambini zilipewa shilingi 400,000 kila moja ili zijitafutie ardhi na kambi zifungwe. Waliokuwa wamejisitiri kwa ndugu zao waliendelea kwa miaka mingi kupiga hodi katika ofisi za serikali wakidai kwamba nao walifurushwa.

Mama mdogo wangu ni mmoja wa hao. Alikuwa na kibanda cha ushonaji Naivasha, chenye cherehani mbili za miguu na mashine ya ovaloki aliyokuwa bado akiilipia kwa mafungu. Januari ndiyo msimu wa fundi, kwa kuwa shule hufunguliwa na wazazi huleta vitambaa vya sare. Mwaka ule shule zilichelewa kufunguliwa, kwa hiyo ghasia zilipofika Naivasha, Januari 27, kibanda kilikuwa kimejaa mafurushi, kila furushi likiwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa jina la mtoto, kiuno, mabega na urefu wa sketi au suruali. Vyote viliteketea. Kilichosalia kilikuwa daftari la wateja, alilokuwa amekwenda nalo nyumbani ili apige hesabu usiku. Daftari hilo lilikuwa ushahidi wake pekee wa alichopoteza, na wakati huo huo lilikuwa orodha ya madeni yake, kwa sababu vitambaa vile havikuwa vyake. Alihamia Nakuru kwa mjomba wangu, akawa anashona kwa siku katika duka la mtu mwingine, na kwa muda wa mwaka mzima na zaidi akawa anawarudishia wazazi wale fedha za vitambaa vyao, mmoja baada ya mwingine, akipiga mstari kwenye daftari kila anapomaliza. Nilimwuliza kwa nini asiwaambie kwamba hata yeye alichomewa. Akanijibu, "Mwanangu, kwani wao ndio waliochoma?"

Kwa hiyo katika mkasa ule fidia ililipwa, na aliyeilipa alikuwa yeye. Alipokwenda katika ofisi moja ya serikali kuandikisha hasara yake, aliambiwa kwamba orodha inayotumika ni ya walio kambini. Alipotoa daftari, aliombwa risiti za cherehani, na risiti zilikuwa ndani ya kibanda. Kila ninaposikia mtu akisema kwamba suala la fidia ni gumu kisheria na lahitaji kufikiriwa kwa utulivu, humkumbuka fundi huyu ambaye hakuhitaji tume wala kanuni kujua kwamba mtu aliyekukabidhi mali yake ana haki ya kurudishiwa.

Tuseme angetaka kwenda mahakamani, angemshtaki nani? Waliochoma kibanda walikuwa kundi, wengine wageni mjini, na hakuna aliyewahi kufikishwa mbele ya hakimu kwa moto ule. Bima hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo, bima za kawaida za moto na wizi nchini Kenya haziingizi hasara ya ghasia za kisiasa. Hiyo hununuliwa kando, kwa malipo ya ziada ambayo fundi wa kibandani hawezi kuyamudu. Ingebaki serikali. Sheria inayoweka ukomo wa mashtaka dhidi ya mamlaka za umma humpa mtu miezi 12 tu ya kuidai serikali kwa madhara aliyoyapata, na katika miezi hiyo mtu aliyefurushwa huwa anatafuta godoro na shule ya watoto, si wakili. Ombi la kikatiba halifungwi na miezi hiyo, lakini huhitaji mawakili, mashahidi na miaka.

Na akishinda, safari bado. Chini ya Sheria ya Mashauri ya Serikali, dalali wa mahakama hawezi kulikamata gari la wizara wala kuipiga mnada samani ya ofisi ya umma. Mshindi hupewa cheti kinachoeleza kiasi anachodai, akipeleke kwa Mwanasheria Mkuu na kwa wizara husika, kisha angoje. Asipolipwa, hurudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha katibu wa wizara kulipa, na asipolipwa tena, huanza shauri la kumtia katibu huyo hatiani kwa kuidharau mahakama. Nimewaona wazee waliozeeka ndani ya mlolongo huu. Sheria inayoilinda samani ya ofisi kuliko inavyomlinda mtu aliyepigwa risasi inafaa kubadilishwa, angalau kwa hukumu zinazotokana na ukiukaji wa haki za binadamu.

Kuna hukumu moja ambayo nadhani kila anayejadili jambo hili angeisoma. Mwaka 2013 waathiriwa wanane wa ubakaji na ukatili wa kingono uliotendwa wakati wa ghasia za 2007 na 2008, wanawake sita na wanaume wawili, waliishtaki serikali katika Mahakama Kuu ya Nairobi wakisaidiwa na mashirika ya haki. Jaji Weldon Korir alitoa hukumu Desemba 10, 2020. Alikubali kwamba serikali ilikuwa na wajibu wa kuwakinga raia na wa kuchunguza uhalifu waliotendewa, akaagiza wanne kati ya wanane walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Kwa wanne wengine, mahakama haikuona kwamba wajibu wa serikali ulikuwa umethibitishwa. Kwa waliopewa ulikuwa ushindi mkubwa, na hukumu ile ilivunja ukimya uliokuwa umewafunika watu wale kwa miaka 12. Hata hivyo nilipoisoma nilibaki na uchungu kwa wale wanne waliotoka mikono mitupu. Waliteseka katika wiki zile zile, katika nchi ile ile ambayo ulinzi wake ulikuwa umeporomoka. Tofauti yao na wenzao ilikuwa katika kinachoweza kuthibitishwa: nani aliyewashambulia, na kama waliripoti. Lakini mtu aripoti wapi, ikiwa kituo cha polisi kiko upande wa pili wa kizuizi cha mawe na mapanga?

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 29, inasema kila mtu ana haki ya kutotendewa ukatili wa aina yoyote, uwe unatoka kwa mamlaka ya umma au kwa watu binafsi. Nayasoma maneno hayo kama yalivyo. Serikali ndiyo iliyojitwalia peke yake haki ya kubeba silaha kwa niaba yetu. Hutunyima sisi bunduki, hutukataza kulipiza kisasi, na hututoza kodi ili itulinde. Ulinzi huo ukishindwa kabisa, mji ukaachwa ukiungua kutwa nzima, haitoshi kusema kwamba aliyechoma hakuvaa sare ya serikali.

Wazo hili si geni duniani. Uingereza, baada ya ghasia za London za Februari 1886, ilitunga sheria iliyomruhusu mwenye mali iliyoharibiwa na kundi la wafanya ghasia adai kutoka mfuko wa polisi wa eneo lake, bila kulazimika kuthibitisha kwamba polisi walizembea. Sheria hiyo ilitumika hata baada ya ghasia za Agosti 2011, na mwaka 2016 ikabadilishwa na nyingine inayoendeleza kanuni hiyo kwa kikomo cha pauni milioni 1 kwa kila dai. Ufaransa nayo huiwajibisha dola kwa madhara ya miili na ya mali yanayofanywa kwa nguvu na mikusanyiko ya watu, hata pasipo kosa la dola. Waingereza walipotutawala hawakutuletea sheria yao ya 1886. Walituletea adhabu ya pamoja, ambapo kijiji kizima kilinyang'anywa ng'ombe kwa kosa la mtu mmoja asiyejulikana, na wakati wa vita vya Mau Mau adhabu hiyo ilitumika sana. Ndiyo maana sina hamu kabisa na pendekezo, ambalo husikika tena na tena kwenye redio, kwamba kaunti au jamii ambako ghasia zimetokea itozwe gharama.

Kisa cha Mau Mau kina jambo jingine la kutufaa. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228 walioteswa katika kambi za miaka ya 1950, na Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, William Hague, akasimama bungeni kueleza majuto ya nchi yake. Askari waliowatesa wazee wale wengi wao walikuwa wamekwisha kufa, na gavana aliyewatawala alikuwa amekwisha kufa. Aliyebaki wa kudaiwa alikuwa dola, kwa sababu dola haifi na haihami makazi. Lakini kiasi hicho, kikigawanywa na kutolewa gharama, kiliwafikia watu waliokuwa na zaidi ya miaka 70 na 80. Nusu karne ya kungoja nayo ni madhara.

Nije kwa hoja ya walioitisha maandamano, ambayo hupendwa sana na walio madarakani, wawe nani. Mwaka 2019 mbunge wa Ruiru, Simon King'ara, aliwasilisha mswada wa kurekebisha Sheria ya Utulivu wa Umma ili walioandaa maandamano na walioshiriki wawajibike kwa uharibifu. Haukuwa sheria. Waliouunga mkono walikuwa na mfano wa kunyooshea kidole: Afrika Kusini. Mei 2006, chama cha wafanyakazi cha SATAWU kiliandaa matembezi Cape Town wakati wa mgomo wa walinzi wa kampuni binafsi. Magari yakavunjwa na wachuuzi wakaporwa. Walioathiriwa walikwenda mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ikathibitisha kwamba mwandalizi hulipa, isipokuwa athibitishe kwamba kitendo hakikuwa na ridhaa yake, hakikutarajiwa, na kwamba alichukua kila hatua ya busara kukizuia.

Sidharau hukumu hiyo. Waliodai walikuwa watu wadogo wenye hasara ndogo ndogo zilizowaumiza sana, na chama kilikuwa na ofisi, akaunti na wanachama wenye nidhamu ya kuamrishwa. Lakini kuichukua kanuni hiyo na kuibandika Kenya kungeleta dhuluma. Maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha hayakuwa na mwandalizi wa aina hiyo. Yaliitishwa na maelfu ya vijana kwa simu zao, kila mmoja akimhimiza mwenzake. Isitoshe, Juni 17, 2025 tuliona jijini Nairobi wanaume waliobebwa kwa pikipiki, wenye rungu na mijeledi, wakiwapiga waandamanaji mchana kweupe, na siku hiyo hiyo kijana aliyekuwa akichuuza barakoa akapigwa risasi kichwani na polisi mbele ya kamera. Alifariki baadaye hospitalini. Ukitunga sheria kwamba mwandalizi alipe kila kioo kinachovunjika, umempa mpinzani wake njia rahisi ya kumfilisi: awakodi wahuni, awaingize katikati ya waandamanaji, kisha angoje ankara ipelekwe kwa mwingine. Kifungu cha 37 cha Katiba kinachotupa haki ya kuandamana kwa amani na bila silaha kingebaki kuwa haki ya wenye mali ya kuweka dhamana.

Haimaanishi kwamba wanasiasa waachwe. Aliyesimama jukwaani akataja kabila fulani na kusema waondolewe ni mhusika. Aliyetoa fedha, lori na petroli ni mhusika. Afisa aliyeamuru risasi za moto zipigwe kwa watu wanaokimbia ni mhusika, na hapaswi kujificha nyuma ya hundi ya Hazina ya Kitaifa. Ninachotaka ni kwamba mzigo wa kumtafuta, kumthibitisha na kumfilisi uwe wa serikali. Ina wapelelezi, ina waendesha mashtaka, ina uwezo wa kufungia akaunti. Mama mboga hana. Na ikiwa fedha zitatoka katika kodi peke yake, basi mwathiriwa mwenyewe anajilipa, kwa kuwa kila anaponunua sabuni hukatwa asilimia 16 ya kodi ya ongezeko la thamani. Ufuatiliaji huo ndio unaoifanya hoja yangu ya kwanza iwe ya haki. Bila huo, serikali kutangulia kulipa ni njia ya kuwasafisha wakosaji kwa jasho la wengine.

Kuna chungu kimoja cha fedha ambacho hakijaguswa. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inaagiza kwamba vyama vigawiwe fedha za umma zisizopungua asilimia 0.3 ya mapato ya serikali kuu. Naona ni sawa kabisa kwamba mahakama ikithibitisha kuwa viongozi wa chama walichochea au waligharimia ghasia, kiasi cha fidia kikatwe moja kwa moja katika mgao wa chama hicho kabla haujatoka. Chama kingeanza kuwachuja wagombea wake kwa makini. Hivi sasa mchochezi hupigwa faini ndogo, au kesi yake hufa kwa kukosa mashahidi, na mara nyingine hurudi bungeni.

Kuifunga fidia kwenye hatia ya mtu fulani ni kuiua, na sisi Wakenya tunajua vizuri. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ilianza na washukiwa sita wa ghasia za 2007 na 2008. Mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na Aprili 2016 kesi ya William Ruto na Joshua Sang ikasitishwa. Jaji Chile Eboe-Osuji aliandika wakati huo kwamba kusitishwa kwa kesi hakupaswi kulizima suala la fidia ya waathiriwa, lakini hoja yake haikushinda. Machi 26, 2015, Kenyatta akiwa Rais aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10, utakaojengwa kwa miaka mitatu, wa kuwafaa waliodhulumiwa katika historia yetu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuwa imekwisha kukabidhi ripoti yake Mei 2013, yenye mpango wa fidia ulioainisha nani atangulizwe. Kenyatta aliondoka madarakani Septemba 2022 waathiriwa wakiwa bado wanauulizia mfuko huo.

Agosti 2025 Rais Ruto naye alitangaza utaratibu wa kuwafidia walioathiriwa na maandamano tangu mwaka 2017, akaunda jopo la kuusimamia likiongozwa na Profesa Makau Mutua, na mwezi uliofuata Mahakama Kuu ya Kerugoya ikalisimamisha. Waliolipinga walisema kazi hiyo ni ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ipo kwa mujibu wa Katiba, na kwamba anayelalamikiwa hawezi kuwateua watakaompimia deni. Naikubali hoja hiyo. Nakubali pia hofu ya familia ambazo zimesema hazitaki fedha kabla ya kumwona aliyeua akisimama kizimbani. Wanahofu kwamba wakitia sahihi ya kupokea, faili itafungwa. Basi sheria iseme waziwazi kwamba malipo ni sehemu ya haki na hayafuti nyingine. Kwamba mpokeaji haachi kesi ya jinai, wala uchunguzi wa kifo, wala haki ya kudai zaidi mahakamani kikipatikana ushahidi mpya. Bila kifungu hicho, mzazi aliyefiwa Kisumu au Githurai analazimishwa kuchagua kati ya karo ya watoto waliobaki na jina la aliyemuua mwanawe.

Nani ashike fedha hizo ni swali zito pia, na jirani zetu wa Kongo wanalijua kwa machungu. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiagiza Uganda iilipe Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya mwishoni mwa miaka ya 1990, yakiwemo ya mapigano ya siku sita ya Juni 2000 yaliyoiharibu Kisangani. Uganda ilianza kulipa kwa mafungu mwaka huo huo, na kulikuwa na mfuko maalumu wa kuwagawia waathiriwa. Septemba 2025 aliyekuwa Waziri wa Sheria wa Kongo, Constant Mutamba, alihukumiwa kwa kosa linalohusu fedha za kujenga gereza Kisangani, zilizotokana na malipo hayo ya Uganda. Watu wa Kisangani waliozika ndugu zao katika viwanja vya nyumba wamezisikia dola hizo kwenye redio kuliko walivyoziona. Mfuko wetu ukija, majina ya waliolipwa, kwa wanaoridhia, na kiasi kilichotoka vichapishwe katika gazeti rasmi la serikali, na mkaguzi mkuu aukague kila mwaka.

Kuhusu nani ahesabiwe, sitaki mzani wenye upande. Askari aliyevunjwa taya kwa jiwe ni mwathiriwa, na mkewe asiambiwe kwamba hiyo ni sehemu ya kazi. Mwenye duka la simu aliyeporwa Nairobi Juni 25, 2025 ni mwathiriwa, hata kama moyo wake uliwaunga mkono waandamanaji. Ushahidi ukubaliwe kwa namna watu wanavyoishi: daftari la wateja, picha kwenye simu, rekodi za malipo ya M-Pesa, kauli za majirani wawili, na si lazima namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, kutoka kituo ambacho mtu aliogopa kukisogelea. Ripoti ya daktari ikubaliwe hata kama fomu ya P3, ya kuthibitisha majeraha, haikujazwa, kwa kuwa fomu hiyo huanzia kwa polisi, na wapo majeruhi waliopigwa na polisi hao hao.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na haya yote yanaweza kuwa sheria kabla ya hapo. Kipengele ambacho ningekipigania hata nikinyimwa vingine ni kile cha majeruhi wa kudumu. Mali hupimwa mara moja, ikalipwa, ikaisha. Kijana aliyepigwa risasi ya uti wa mgongo akiwa na miaka 21 atahitaji mipira ya mkojo, dawa za vidonda, godoro maalumu na mtu wa kumgeuza usiku kwa miaka 40 ijayo, na mtu huyo kwa kawaida ni mama yake, ambaye huacha biashara ili amuuguze. Hundi moja, hata iwe nono, huliwa na hospitali katika mwaka wa pili. Serikali imlipie michango yake ya bima ya afya ya umma, SHA, maisha yake yote pamoja na vifaa ambavyo bima hiyo haivigusi, na imtengee mwuguzi wake posho ya kila mwezi, ianze kutoka siku anapotoka wodini, kabla mahakama yoyote haijaamua nani aliyefyatua.